Nilivyochagua Foku Nikiwa na Mama Mkwe

Jumamosi, mwezi wa saba. Mugutha.

Leo kumekucha na ule ukungu wa Julai unaofanya hata mbwa wa jirani wakatae kubweka. Sasa ni alasiri na jua limejitokeza kidogo, shingo upande. Niko sebuleni na kikombe cha chai. Baiskeli yangu imeegemea ukuta karibu na televisheni, matope yamekauka kwenye magurudumu, na hakuna mtu ndani ya nyumba hii aliyenigombeza niitoe nje.

Nimeshukuru leo mpaka nimechoka kushukuru.

Wacha niandike mambo yakiwa bado moto. Kuna watu humu kwenye blogu waliokuwa wakiniuliza tangu Aprili kama bado naendesha. Sikuwajibu kwa sababu sikuwa na jibu.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza, naitwa Nekesa. Nimetoka Bungoma, nimeolewa huku Kiambu. Nafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha juisi Thika, nina watoto wawili, na Jumamosi asubuhi huwa naendesha baiskeli ya mbio, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Sishindani na mtu. Naendesha kwa sababu juu ya kile kiti chembamba hakuna anayeniita mama, wala madam, wala dada wa maabara. Napumua tu.

Aprili, katikati ya mvua, niliingia shimo pale Kimbo. Lilikuwa limejaa maji, likafanana na dimbwi lolote lile. Gurudumu la mbele likazama, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Nilisikia bega la kushoto likilia kama ukuni mkavu. Kumbe ni mfupa wa mtulinga, huu unaotoka kifuani kwenda begani, umevunjika.

Baiskeli nayo iliumia foku, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ilikunjika ikarudi nyuma mpaka tairi likagusa fremu.

Mume wangu, Kimani, ni fundi wa umeme, na hata siku ikiwa njema si mtu wa maneno mengi. Aliniendea hospitali, akanilipia, akanifunga mkanda wa gari kwa mkono wake kama vile nimekuwa mtoto. Tulipofika nyumbani aliingiza baiskeli stoo, akaigeuza ikatazama ukuta.

"Tutaongea ukipona," akasema.

Nilijua tutaongea nini.

Kesho yake akaja mama yake kutoka Kamenu, kule Thika. Sote tunamwita Shosho, yaani nyanya, kwa sababu ya watoto, ingawa mimi nikiwa naye namwita Mama. Alifika na mfuko wa nduma, sweta lake la kijani, na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisema amekuja kukaa mpaka mkono wangu urudi kazini.

Nikiri kitu. Nilipomwona mlangoni, moyo ulinishuka.

Si kwamba tumewahi kugombana. Afadhali hata tungegombana. Tangu nimeolewa tumekuwa watu wa heshima tupu: habari za nyumbani, mvua imenyesha huko kwenu, watoto wanasoma vizuri. Nilijua angependa Kimani aoe karibu, mtu wa lugha yake. Hakuwahi kulisema. Alikuwa akiniita Mama Njeri, kwa jina la binti yangu mkubwa, ambaye amepewa jina lake yeye mwenyewe. Jina langu sikuwahi kulisikia mdomoni mwake.

Asubuhi iliyofuata alinikuta bafuni nikipigana na blauzi kwa mkono mmoja. Nilikuwa nalia kwa hasira. Alifunga mlango nyuma yake, akapandisha mikono ya lile sweta.

"Mama Njeri, mimi nilikuwa matroni wa bweni. Nimeogesha wasichana wa watu wakiwa na surua, wakiwa na malaria, wakiwa na jeuri. Kaa chini."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Akanimwagia maji ya uvuguvugu, akanisugua mgongo, akanipaka mafuta. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu, katikati ya aibu ile, nikatambua kwamba sijashikwa hivyo na mama tangu mama yangu mzazi alipotutoka. Nikalia tena, kilio kingine kabisa. Yeye aliongeza maji tu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Alasiri tulikaa kibarazani akinifumua nywele, kisha akinisuka upya, mistari ya moja kwa moja ya bwenini. Ndipo tulipoanza kuongea. Alinieleza kuhusu wasichana waliotoroka kwenda kutazama mechi ya mpira, kuhusu marehemu mumewe aliyekuwa akiogopa kuku, kuhusu Kimani mdogo aliyekataa kuongea shuleni muhula mzima. Siku moja, akinivuta nywele nyuma ya sikio, alisema, "Tulia, mwari." Kwa Kikuyu hilo ni binti.

Nilitulia tuli.

Sasa, baiskeli.

Mwezi wa tano ukielekea mwisho, tukiwa mezani tunakula chakula cha jioni, Kimani alisafisha koo. Kuna kijana kazini kwao anatafuta baiskeli ya kutengeneza, akasema. Anaweza kuichukua vile ilivyo.

Niliangalia sahani yangu. Mkono ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kwenye kitambaa. Ningesema nini? Yeye ndiye aliyepigiwa simu na mtu asiyemjua akaambiwa mke wake amelala kando ya barabara. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba mama wa watoto wawili anaweza kutembea kwa miguu, kutembea nako ni mazoezi. Nikafungua mdomo nikubali.

"Atiriri, hebu niambie, Kimani," Shosho akasema, akiweka kijiko chini. "Baiskeli ni ya nani?"

"Ni ya Nekesa."

"Na huyo kijana amemwuliza nani?"

Watoto wakaacha kutafuna.

"Mum, si unaona alivyoumia? Kesho itakuwa lori."

"Naona. Mimi ndiye ninayemwogesha, wewe unaona kwa mbali. Nimemwona akipika, nimemwona akicheka na watoto. Anacheka kama mtu anayelipia kila kicheko. Kabla ya Aprili hakuwa hivyo." Kisha akanigeukia. "Wewe, unataka kurudi?"

Sauti yangu ilitoka ndogo. "Nataka, Mama. Lakini naogopa."

"Kuogopa niachie mimi. Mimi ni mzee, nina muda wa kukaa dirishani nikiogopa kila Jumamosi. Wewe endesha."

Kimani aliinuka akaenda kuosha mikono, na maji yakamwagika muda mrefu sana. Nilifikiri amekasirika. Jumamosi iliyofuata alitoa baiskeli stoo, akaipandisha nyuma ya pickup ya kazini, akatufungulia mlango mimi na mama yake. Alitushusha Thika mbele ya duka la baiskeli lililo nyuma ya soko.

"Mtanipigia mkimaliza," akasema, akaenda zake. Hakutaka kuona. Lakini alituleta.

Mwenye duka ni Wachira, mwanamume wa umri wangu anayependa baiskeli kuliko anavyopenda kula. Alizungusha usukani, akapitisha kidole kwenye fremu yote akitafuta ufa, akasema fremu imepona. Foku ndiyo ya kutupa.

Nilimwambia nataka ya kaboni. Nilikuwa nimesoma kuihusu nikiwa nimelala na mkono kwenye kitambaa, na kilichonivutia zaidi hakikuwa wepesi, ni viganja vyangu. Ile ya zamani ilikuwa ya alumini, na nilikuwa nikifika nyumbani vidole vimekufa ganzi kwa kutetemeshwa na lami mbaya. Kaboni inameza sehemu ya ule mtetemo kabla haujafika mikononi.

"Lakini tuambiane ukweli," Wachira akasema. "Chuma kikiumia kinajikunja, unaona kwa macho. Kaboni inanyamaza. Inaweza kuwa imeumia ndani na nje inang'aa. Siku ikichoka, haikuagi."

Shosho akavaa miwani.

Wachira akatoa ya kwanza. Nyeusi, inateleza, kaboni kuanzia miguu mpaka bomba la juu linaloingia ndani ya fremu. Akaniwekea mkononi na nikacheka. Haki, ilikuwa nyepesi kama mwiko wa kupikia. Ilitoka nje ya nchi, mtumba, na bei yake ilikuwa ya upole. Niliipenda palepale. Nilijiona nikipanda mlima wa kuelekea Gatanga kama nzi.

"Huyo aliyekuwa nayo," Shosho akauliza, "aliwahi kuanguka nayo?"

"Shosho, hapo nitakudanganya. Sijui."

"Na hapa kwenye bega lake kwa nini rangi si moja?"

Tukaangalia. Mahali miguu miwili inapokutana, rangi ilikuwa imeguswa upya. Huenda ilikuwa ni mkwaruzo tu. Wachira aliinamisha foku kwenye mwanga, akaigonga kwa sarafu hapa na pale, akasikiliza. Akasema inalia vizuri, yeye mwenyewe angeipanda. Halafu akaongeza, polepole, kwamba yeye hana mtoto.

Niliirudisha ukutani. Iliniuma, sitadanganya.

Shosho naye akachagua yake. Aliishusha mwenyewe, nene, miguu kama ya ndovu, akaipiga kofi. "Hii! Hii hata shimo litaiogopa."

Wachira akajaribu kutocheka. Ile ilikuwa ya breki za diski, na bomba lake la juu lilikuwa limenenepa chini kiasi cha kutoingia kwenye fremu yangu hata kwa maombi ya kukesha. Alimwonyesha Shosho, akaipachika kwenye tundu la fremu ikakwama.

"Basi wakate fremu," Shosho akasema, na tulicheka wote watatu mpaka mteja mwingine akaingia kuona kuna nini.

Ya tatu ilikuwa mpya, ndani ya karatasi. Haikuwa na uzuri wowote. Nyeusi isiyong'aa, haina maandishi. Miguu ya kaboni, bomba la juu la alumini, kwa hiyo nzito kidogo kuliko ile ya kwanza. Lakini niliichukua, nikaitazama kwa ubavu, na nikaona kitu nilichokuwa nikikitafuta bila kujua jina lake.

Miguu yake ilikuwa imejipinda mbele zaidi.

Mimi ni mfupi, na baiskeli yangu ni ndogo. Miaka yote nikikata kona kali polepole, ncha ya kiatu imekuwa ikigusa gurudumu la mbele. Nilidhani ni kosa langu la kuendesha. Foku inayolisukuma gurudumu mbele kidogo inakuachia nafasi ya mguu. Nilimwuliza Wachira kama nimeelewa sawa. Akasema nimeelewa, ila usukani utakuwa mwepesi kugeuka, nitauzoea. Tukapima nafasi ya tairi, nikaona naweza kuweka matairi mapana kidogo kuliko ya zamani, na breki zangu zilezile zinafika. Bomba la juu lilikuwa refu, halijakatwa na mtu, kwa hiyo usukani ungeweza kukaa juu, bila kulemea bega langu.

Niliweka foku mbili kaunta, ile ya mtumba na hii. Moja ilikuwa ya mtu niliyetamani kuwa. Nyingine ilikuwa ya kimo changu, bega langu na barabara zangu.

"Mama, unaonaje?"

"Mimi yangu mmeikataa," akasema Shosho. "Chagua, mwari."

Nikachagua ya tatu.

Wachira akaifunga. Alikata bomba kiasi, akapaka grisi kwenye beringi, akakaza kila skrubu kwa spana inayolia inapofika kipimo. Akaishusha baiskeli, akanikabidhi. "Zunguka hapo nje."

Niliisukuma hadi barabarani. Nikapitisha mguu juu. Nikashika usukani.

Na sikuweza.

Miguu ilikataa. Nikabaki na kiatu kimoja juu ya pedali, kingine kwenye vumbi. Wachira alijifanya anatafuta kitu ndani. Nilifikiri Shosho atanipa moyo, atasema jaribu, Mungu yupo. Alikuja tu akashika usukani upande mmoja, tukairudisha baiskeli dukani pamoja, tukampigia Kimani.

Shosho alimwambia tu tumemaliza. Kimani aliangalia foku mpya, akaniangalia mimi, akaipandisha baiskeli nyuma.

Mwezi wa sita daktari aliniambia mfupa umeshikana, niendelee na maisha. Shosho akarudi Kamenu. Siku alipoondoka nilijifungia chumbani kama msichana anayeachwa bwenini. Baiskeli haikurudi stoo, ilibaki sebuleni. Kila Jumamosi nilivaa nguo za kuendeshea, nikaifuta vumbi, nikavua nguo, nikafua za watoto. Mtu anaweza kuchagua vizuri kabisa kisha abaki ameketi na chaguo lake.

Kimani alikuwa akiniona. Sikujua ni kiasi gani.

Leo asubuhi niliamka nikasikia vyuma vikigongana nje. Nikatoka nimejifunga leso. Kwenye ukungu, karibu na geti, alikuwa amesimama mume wangu ameshika baiskeli ya jirani yetu muuza maziwa, ile nyeusi nzito ya keria kubwa, kamba za mitungi bado zinaning'inia. Suruali ameingiza ndani ya soksi. Kichwani amevaa kofia yake ya manjano ya kazini, ile ya kupandia nguzo za stima.

"Kimani, unaenda wapi?"

"Kwa Mum. Tunaenda."

"Na wewe umeendesha lini mara ya mwisho?"

"Nikiwa shule." Akakaza kamba ya kofia chini ya kidevu. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake tangu ajali. "Nimefikiria. Siwezi kukukataza na siwezi kukaa hapa nikingoja simu. Nitatangulia. Kama kuna shimo, litanipata mimi kwanza."

Nilienda kuvaa, nikamwomba mke wa muuza maziwa atuangalizie watoto.

Getini miguu ilitaka kukataa tena. Lakini mbele yangu kulikuwa na ile kofia ya manjano ikiyumba huku na huku, kwa sababu ile baiskeli ilikuwa ikimwendesha yeye, na nikaogopa ataanguka kabla ya lami. Nikasukuma pedali nimfikie. Nilipokumbuka kuogopa, nilikuwa tayari naendesha.

Tulishika ile njia ya pembeni ya barabara kuu. Kila alipoona shimo Kimani alinyoosha mkono wote na kupaza sauti, "Shimo!" Alitaja mashimo, alitaja vifuniko vya mitaro, alitaja hata kivuli cha mti. Waendesha boda walimpigia honi kwa furaha. Mimi nyuma nilicheka mpaka machozi yakachanganyika na ukungu.

Na ile foku. Niseme nini? Mtetemo wa kokoto ulinifikia viganjani kama habari za ugomvi wa nyumba ya tatu: unasikia, lakini haukuhusu. Kwenye kona ya kuingilia Juja nilikata polepole, nikangoja kiatu kiguse tairi. Hakikugusa. Usukani ulitaka kunitangulia mara mbili tatu, halafu tukaelewana. Vidole vyangu vyote kumi vilifika Thika vikiwa hai.

Kimbo, nilipoangukia, bado sijapita. Iko upande ule mwingine. Nitapita siku yake, si lazima leo.

Shosho alikuwa getini Kamenu akimwaga maji ya vyombo. Alimwona mwanawe kwanza, amelowa jasho, kofia imemwangukia machoni, kamba za maziwa zinaburuta. Sufuria ikamtoka mkononi. Alicheka akishikilia nguzo ya geti, akacheka mpaka jirani akachungulia.

"Ngai! Huyu ni nani amekuja kunikatia stima?"

Halafu akaniona nyuma yake. Akaacha kucheka. Alikuja moja kwa moja, akanishika mashavu kwa mikono yenye sabuni.

"Imekubeba?"

"Imenibeba, Mama."

"Nekesa," akasema. Hivyo tu. Jina langu lote, na ile k yake ngumu ya nyumbani kwao. "Nekesa, ingia tunywe chai."

Tulikunywa chai na mukimo, tukaombewa, tukapakiwa maparachichi ambayo Kimani aliyafunga kwenye keria ya muuza maziwa kwa ufundi wote wa nyaya. Kurudi kulichukua muda mrefu. Kilima kimoja tulikipanda kwa miguu tukisukuma, tukiongea kuhusu mambo ya kawaida kabisa, ada ya shule, bomba linalovuja, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuielezea bila kuiharibu.

Sasa amelala kwenye sofa hapa mbele yangu, miguu juu ya mto. Nilifikiri amesinzia. Punde amefungua jicho moja, akaitazama baiskeli kwa muda.

"Hiyo foku," amesema, "kuna ya mtu mrefu?"

Kesho ibada ni saa tatu. Nimemwona akijaribu kuinuka kwenda msalani akishikilia kiti, kisha meza, kisha ukuta. Sidhani ataweza kupiga magoti.

Nitapiga ya wawili.